Dobi wa Joho la Zambarau

Ngano, jamaa zangu!

Ilete!

Niilete niiweke wapi?

Iweke katikati yetu! Ukweli wake tuule, uongo wake tuutemee jivuni!

Haya, sogeeni. Hapo kale, kale ya kale, kabla bibi yangu hajazaliwa na kabla bibi yake hajapata mtu wa kugombana naye, ulikuwapo mji mkubwa ulioitwa Rumi. Mji huo ulitawala nchi za mbali sana. Barua ikitumwa huko, kijana aliyeandikiwa huifungua akiwa na mvi. Mtawala wa mji huo aliitwa Kaisari, na ukitaka kujua Kaisari ni nani, ulitazama joho. Joho lilikuwa moja tu, la sufu, refu, zito, la rangi ya zambarau. Aliyelivaa ndiye Kaisari. Aliyelivua alikuwa mtu tu, na mara nyingi alikuwa maiti.

Chini ya kilima chenye jumba la Kaisari aliishi mwanamke mmoja jina lake Vibia. Vibia alikuwa dobi. Kila siku ya nane alipanda kilimani kuchukua joho chafu, na kesho yake akapanda tena kulirudisha safi. Enzi hizo sabuni haikuwapo. Nguo zilifuliwa kwa udongo mweupe na mkojo uliochacha. Msikunje nyuso. Kaisari alilivaa joho hilo na hakukunja uso.

Vibia alikuwa na mume, Naso, fundi viatu. Naso alikuwa na kicheko. Si kwamba alicheka ovyo. Lakini siku akicheka, mbuzi wa mtaa wa tatu walikata kamba.

"Mume wangu," Vibia alikuwa akimwambia, "kicheko hicho kitatuponza."

Naso akacheka.

Basi penye lango la jumba walikaa mabata bukini watatu. Hao ndio waliokuwa walinzi, maana askari husinzia na bata bukini hasinzii. Vibia akifika, bata wa kwanza huuliza: "Nani wewe?"

"Dobi."

Wa pili huuliza: "Umebeba nini?"

"Joho."

Wa tatu huuliza: "La nani?"

"La aliyemo ndani."

"Haya, pita."

Siku zote ilikuwa hivyo. Nani wewe, umebeba nini, la nani, pita.

Kaisari wa kwanza ninayemtaja aliitwa Bulbo. Joho la Bulbo lilimfikia Vibia likiwa na mchuzi kifuani, asali mikononi, na divai kuanzia shingoni hadi chini. Vibia alilikunjua, akalinusa, akasema, "Huyu anakula."

Alikula kweli. Alikula ndege, akala samaki, akala ndege waliojazwa samaki. Ghala la mji lilikuwa limejaa nafaka, lakini ufunguo alikuwa nao Bulbo, na Bulbo alisahau kulifungua. Hakuwa mkatili. Watu walipokuja kumlilia njaa, alishangaa kwa dhati ya moyo wake.

"Njaa?" alisema. "Lakini mimi nimeshiba!"

Akafa mezani, baada ya samaki na kabla ya matunda. Watu wakaomboleza siku moja. Siku ya pili wakaenda kuvunja kufuli la ghala.

Akaja Kaisari wa pili, Torvo. Torvo alikuwa mwembamba, hanywi, hali nyama, haongei sana. Mji mzima ukashangilia. Watu wakasema, "Sasa tumepata mtu." Joho likaja kwa Vibia siku ya nane likiwa halina hata alama. Likaja mara ya pili, halina alama. Mara ya tatu likaja na tone moja la damu kwenye upindo wa mkono.

Vibia akalitazama. Akajiambia, labda amejikata akinyoa. Akalifua.

Mara ya nne matone yalikuwa matano. Mara ya tano hakuyahesabu. Udongo mweupe aliokuwa akitumia wiki nzima sasa ulimwishia kwa joho moja, na maji ya karo lake la kufulia yalitoka mekundu. Naye kila safari alilirudisha likiwa safi kabisa, kwa sababu alikuwa dobi hodari, na kwa sababu alikuwa na hofu.

Torvo alikuwa na ugonjwa mmoja: kila neno alilolisikia aliliona limemlenga yeye. Siku moja akamsikia bata wa tatu pale langoni akiuliza, "Joho la nani?"

"Hilo ni swali gani?" akasema Torvo. "Kwani halijulikani ni la nani?"

Bata huyo akachinjwa. Bata wa pili akapiga kelele kumlilia mwenzake, naye akachinjwa. Wakachemshwa, wakapewa askari. Bata wa kwanza akabaki peke yake, na tangu siku hiyo akawa bubu. Vibia akapita lango kimya kimya.

Ikatokea sikukuu. Torvo alikuwa akipanda ngazi za hekalu mbele ya umati. Akakanyaga upindo wa joho, akajikwaa, akaenda hatua tatu kwa mikono na magoti kama mtoto anayejifunza kutambaa. Watu elfu nyingi wakatazama ardhi. Watu elfu nyingi wakabana midomo. Naso naye akabana mdomo, akabana, akabana. Kikamtoka.

Mbuzi wa mtaa wa tatu wakakata kamba.

Torvo akainuka, akajipangusa. "Nani huyo?"

Hakuna aliyehitaji kujibu. Kila mtu Rumi alikijua kicheko hicho. Naso akafungwa minyororo, akapelekwa katika mashimo yaliyo chini ya uwanja wa michezo, kungoja simba.

Vibia akapanda kilimani siku hiyo hiyo. Akapiga magoti.

"Ee Kaisari, mume wangu hakukucheka wewe. Amezicheka ngazi."

"Ngazi ni zangu," akasema Torvo.

Akateremka. Siku ya pili akapanda tena.

"Ee Kaisari, kile kicheko alizaliwa nacho. Humtoka kama chafya."

"Basi sasa atapona," akasema Torvo.

Akateremka. Siku ya tatu akapanda tena.

"Ee Kaisari, nimekufulia miaka minne. Nimetoa kila doa. Sijamwambia mtu hata mmoja nilichokiona katika maji yangu ya karo."

Torvo akamsogelea. "Kumbe umeona," akasema. "Chukua joho ukalifue. Niletee asubuhi ya siku ya michezo, nitalivaa nikiwa natoka. Mume wako ndiye atakayeanza. Wewe nitakushughulikia michezo ikiisha, maana sipendi kubadili dobi katikati ya sikukuu."

Vibia akatoka amekumbatia joho. Alipofika langoni, bata aliyekuwa bubu akasema kwa sauti ndogo, "Mama, usigeuke. Tembea kama hujanisikia. Wenzangu niliwaona wakiingia chunguni. Waliingia wakubwa. Walitoka wadogo."

Akaficha kichwa chini ya bawa.

Vibia akatembea hatua kumi. Akasimama. Akalitazama joho mikononi mwake, joho la sufu. Halafu akaenda zake nyumbani haraka.

Sasa ninyi mnaojua kufua mnajua. Sufu haichemshwi. Hilo ndilo jambo la kwanza mama yake Vibia alilomfundisha, na alimfundisha kwa kofi. Vibia akabandika chungu kikubwa. Maji yakachemka, akalitumbukiza joho. Akalitoa akalitia maji baridi. Akalirudisha chunguni, akalitia maji baridi. Akalirudisha mara ya tatu, akalitia maji baridi, akalipiga kwa mwiko wa kufulia hadi mabega yakamuuma. Alijua kwamba Torvo akilijaribu mapema, wawili watakufa badala ya mmoja. Kisha akakumbuka kwamba wawili walikuwa wanakufa hata hivyo, akaongeza kuni.

Asubuhi ya michezo akalikunja vizuri, akalifikisha tarumbeta zikiwa zinalia. Torvo hakumruhusu mtu yeyote amvishe, kwa kuogopa visu. Akaingia chumbani peke yake, akajibana, akajisokota, akatoka na joho mwilini. Nje walikuwa wakimngoja washauri wake watatu.

"Nimependeza?"

"Umependeza, Kaisari," akasema wa kwanza.

"Naona limebana."

"Limekukaa, Kaisari," akasema wa pili.

"Magoti yangu yanaonekana?"

"Magoti gani, Kaisari?" akasema wa tatu.

Washauri waliokuwa wakimwambia ukweli, Torvo alikuwa amekwisha kuwaua. Hao watatu ndio waliobaki.

Basi akatoka uwanjani. Desturi ilikuwa hivi: Kaisari akiinua mkono wa kuume juu ya kichwa, lango la simba linafunguliwa. Asipouinua, halifunguliwi, hata jua lizame. Naso alikuwa amesimama peke yake katikati ya mchanga, mikono imefungwa. Vibia alikuwa amesimama miongoni mwa watu, amejitafuna ukucha hadi nyama.

Torvo akainua mkono. Ukaishia tumboni.

Akainua tena. Ukaishia kifuani.

Mara ya tatu akaukaza kwa nguvu zake zote. Mkono haukupanda, mtu ndiye aliyepinda, na joho lote likapanda juu likamwacha Kaisari wa Rumi na mapaja yake mawili membamba mbele ya watu elfu hamsini. Kwapani kukalia, charaaa!

Watu wakabana midomo tena. Kisha, kutoka katikati ya mchanga, mtu aliyekuwa ameandaliwa kuliwa na simba akacheka.

Alicheka kile kicheko chake. Mtu mmoja kando akamfuata. Wakamfuata kumi. Uwanja wote ukaangua kicheko, wanawake wakaegemeana, wazee wakashika mbavu. Nyuma ya lango simba mmoja akamwuliza mwenzake, "Vipi, tumeghairiwa?" Mwenzake akasema, "Inaelekea."

"Mkamateni anayecheka!" Torvo akapiga kelele.

"Yupi, Kaisari?" akauliza mkuu wa walinzi.

"Wote!"

Mkuu wa walinzi akawatazama watu elfu hamsini. Akawatazama walinzi wake kumi na wawili. Tisa walikuwa wanacheka. Akavua kofia yake ya chuma, akaiweka chini, akakaa juu yake.

Torvo aliondoka kwa mlango wa nyuma. Alikimbia, akalivua joho njiani ili apate kukimbia vizuri, na alipolivua hapakuwa na mtu wa kumfuata. Wengine husema alifika kisiwani akafuga nyuki. Nyuki nao wakahama.

Vibia akashuka mchangani, akamfungua mumewe. Naso alitaka kusema, lakini alipofungua mdomo alianza kulia, na kilio chake, jamani, kilikuwa kidogo tu kama cha mtu yeyote.

Sasa Rumi ikawa haina Kaisari. Wazee wa Baraza wakakaa siku tatu wakibishana. Joho liliokotwa njiani, Vibia akalishona kwapani, lakini kurefuka halikurefuka. Kushona jipya hakukuwezekana, kwa sababu fundi wa kutia zambarau alikuwa ameuawa na Torvo kwa kosa la kumpima kiuno. Wazee wakaamua: litakayemtosha ndiye.

Wakalijaribu mmoja mmoja. Wa kwanza tumbo lilikataa. Wa pili mabega yalikataa. Wa tatu alilivaa, akasema limemtosha sana, kisha akazimia kwa kukosa pumzi.

Katika kuhangaika huko, mtu mmoja mfupi alikuwa chini ya meza yao akiziba bomba la maji lililokuwa linavuja. Jina lake Pulio, fundi wa mifereji na madaraja. Wakamwita. Joho likamkaa kama ngozi yake.

"Mimi nimekuja kutengeneza bomba," akasema Pulio.

"Wewe ndiye Kaisari."

"Bomba bado linavuja."

"Wewe ndiye Kaisari."

"Mtafuteni mwingine, wazee wangu. Mimi nina kazi."

Wakamwambia, "Mwingine linayemtosha ni mpwa wake Torvo, ana miaka kumi na miwili na tayari anachoma paka moto."

Pulio akafuta mikono. "Haya," akasema.

Joho likaanza kumfikia Vibia na matope. Lilikuja na chokaa, likaja na unga wa ghalani, likaja na kamasi za watoto begani. Pulio alirudisha maji katika mitaa iliyokauka. Alifungua ghala, akasimama mlangoni mwenyewe kuona nani hajapata. Watu wakampenda kwa kweli. Na kubwa kuliko yote, alijenga daraja la mawe juu ya mto, la matao saba, kwa kichwa chake mwenyewe. Wasifiaji wakaja kutoka nchi tatu kulisifia daraja. Wakaja tena. Pulio akaanza kuwazoea.

Mwaka wa saba, joho likafika kwa Vibia. Matope hayakuwapo. Kwenye upindo wa mkono palikuwa na tone moja la damu.

Vibia akakaa chini. Akaenda kuulizauliza kwa wapishi, akaambiwa. Mkaguzi wa madaraja, mtu mmoja aitwaye Kalvo, alikwenda kumwambia Kaisari kwamba daraja lake lina ufa katika tao la nne. Kaisari akampiga na fimbo mdomoni, jino likatoka, akatiwa kifungoni. Na siku ya nne kutoka hapo ilikuwa sikukuu ya mavuno, siku ambayo watu wote wangevuka daraja hilo na watoto wao.

Vibia akakunja joho lile chafu, akavaa viatu.

"Usiende," akasema Naso.

"Wewe nilikuendea."

"Wakati ule Kaisari alikuwa mbaya, na kila mtu alijua. Huyu ni mwema, mke wangu. Mwema akikukasirikia, nani atakutetea? Watasema kosa ni lako."

Vibia alijua kwamba Naso amesema kweli. Akaenda hivyo hivyo.

Pulio alikuwa na wageni. Akamwona dobi anaingia na joho mkononi, akatabasamu. "Mama Vibia! Limekauka mapema leo."

"Sijalifua, Baba Kaisari. Nimelirudisha chafu."

"Kwa nini?"

Akalikunjua mbele ya wageni wote, akamwonyesha upindo. "Hiki ni kitu gani?"

Pulio akaacha kutabasamu. "Ni tone tu."

"Torvo nilimfulia tone la kwanza. Nikajiambia amejikata akinyoa. Nikamfulia la pili na la mia. Kila siku ya nane alivaa joho safi, akajiona yu msafi. Kosa hilo nilimsaidia kulifanya, Kaisari, na wewe sikusaidii."

"Unanifananisha na Torvo? Mimi?" Pulio akainuka. Alikuwa mfupi, lakini siku hiyo alionekana mrefu. Walinzi wakashika mipini ya panga. "Nani aliwapa maji? Nani alifungua ghala? Nani alimpa mumeo leseni ya kucheka popote?"

"Ni wewe."

"Basi?"

"Basi nenda ukalitazame tao la nne."

Vibia alingoja kukatwa kichwa. Alingoja hasa, hata shingo ilimwasha. Pulio alipumua kwa nguvu mara moja, mara mbili, mara tatu. Kisha akaketi, na alipoketi miguu yake haikufika chini, kama kawaida yake.

"Nililiona," akasema taratibu.

"Uliona nini?"

"Ufa. Niliuona mwezi uliopita. Mimi ni fundi, mama. Ningekosaje kuuona?" Akafunika uso kwa mikono. "Walikuwa wamekuja watu kutoka nchi tatu kulisifia."

Mgeni mmoja aliyekuja kulisifia daraja akajifanya anatafuta kiatu chake.

Pulio akateremka kitini, akaenda kifungoni kwa miguu yake, akamfungulia Kalvo mlango. Akampigia magoti. Kalvo, aliyekuwa na mdomo umevimba, akasema, "Thimama, Kaithari, hakuna wakati." Wakaenda wote wawili mtoni, wakalifunga daraja kwa kamba na miiba. Sikukuu ya mavuno ikasherehekewa upande wa huku, watu wakinung'unika sana. Walisema Kaisari ameharibika, walisema anawaonea. Usiku wakiwa wanacheza ngoma, tao la nne likaanguka, likavuta la tatu na la tano. Hakufa mtu. Alikufa kondoo mmoja asiyejua maana ya kamba.

Tangu siku hiyo Pulio aliweka sheria moja ambayo Rumi haikuwa nayo. Kila siku ya nane dobi alilileta joho barazani kabla ya kulifua, akalitandika juu ya meza mbele ya wazee, akataja kwa sauti kila doa alilolikuta na limetoka wapi. Wazee wakaanza kuogopa siku ya nane kuliko vita. Kalvo aliketi kiti cha mbele. Pulio alitawala miaka kumi na tisa, akafa kitandani kwa kikohozi, na waliomlilia walimlilia kwa hiari yao.

Na wa baada yake? Mwanawe alirithi joho. Siku ya kwanza akaifuta sheria ya dobi. Mengine mnaweza kujimalizia wenyewe.

Basi jamaa zangu, fundisho ni hili: msimtazame mtawala alivyo mwema. Mtazameni anayemwambia ukweli, kama bado ana meno yake yote.

Ngano yangu imekomea hapa. Aliyekuja na kikapu akidhani nagawa ngano ya kusaga, pole yake, ghala si langu. Nami niliwahi kumwomba Vibia anifulie kanzu hii. Akaitandika, akaitazama, akafungua mdomo ataje madoa. Nikaichukua nikaondoka nayo. Ndiyo hii nimeivaa, na msiitazame sana.